Siagi ya Mama

Hietavaara, 4 Februari 1973

Dada Raili mpendwa,

Naapa kukueleza yote katika barua hii, hata yale ambayo Mama angependa yabaki humu ndani, na hata yale yanayoniaibisha mimi. Mwalimu wetu anasema mtu anayeandika barua huku anaficha nusu ya habari ni afadhali asinunue stempu.

Baba ametoka hospitali ya Joensuu. Anatembea mpaka zizini na kurudi. Mshipa mmoja wa moyo wake uliziba. Daktari wa wodini alimwambia apumzike, basi. Hakumuuliza anakula nini wala anavuta nini. Unakumbuka Babu naye aliambiwa alale, asiinue hata ndoo. Akalala, akafa akiwa amelala.

Sasa mkoani kwetu wamekuja watu wengine. Sisi tunawaita watu wa moyo. Wanasema ukimsubiri mwanamume mpaka aanguke umeshachelewa. Wanataka kijiji kizima kibadilike, mezani, dukani na kazini, kabla hajaanguka mwingine. Niliposikia hivyo nilifurahi mpaka nikashindwa kulala. Miaka yote nilidhani kufa mapema ni kitu tulichozaliwa nacho, kama nywele zetu hizi za rangi ya nyasi kavu.

Jumatano walikuja kwenye ukumbi wa shule. Alikuwepo Muuguzi Aune, yule wetu wa wilaya, na daktari mmoja wa mjini anayeitwa Salmela, mwenye tai nyembamba. Watu walijaa. Mama alikaa mbele na wenzake wa chama cha kina mama, amevaa ile broshi yake ya fedha. Daktari alituonyesha picha ya mshipa uliojaa mafuta, kisha akauliza kama yupo mwanafunzi anayeweza kusema amekula nini asubuhi ile. Mwalimu akanitazama. Unajua tulivyofundishwa: ukiulizwa unasimama, unajibu kwa sentensi nzima, unasema kweli.

Nikasimama. Nikasema nimekula mkate mweusi na siagi, vimkate viwili vya piirakka vilivyochovywa kwenye siagi ya moto, na yai lililopondwa na siagi juu yake.

"Na baba yako je, aliyetoka hospitali?"

"Hivyohivyo, bwana daktari, ila siagi yake ni nene kuliko yangu, na kahawa yake ina krimu."

"Na hiyo siagi nani anampakia?"

"Mama."

Akaugeukia ukumbi. "Mmesikia wenyewe. Hivi ndivyo mwanamume anavyopelekwa kaburini na mikono inayompenda."

Halafu Bibi Kettunen wa dukani akasema, wala si kwa kunong'ona, "Lempi! Kumbe ni wewe!" Watu wakacheka. Mama akainuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka nje.

Tangu siku hiyo hasemi nami. Hasemi na Baba pia. Anasema na ng'ombe tu. Nina hasira na sijui nimwelekezee nani. Daktari alisema kweli. Mimi nilisema kweli. Mbona basi nasikia kama nimeiba?

Tafadhali mwandikie Mama umwambie apunguze siagi. Wewe atakusikiliza. Baba anaweza kuishi, Raili. Wamesema anaweza.

Mdogo wako,
Irja


Borås, 13 Februari 1973

Irja,

Nimesoma barua yako kiwandani, mashine za kufuma zikipiga kelele pande zote, na bado nilijisikia nikitukana. Msichana aliyekaa karibu nami hajui Kifini lakini alielewa.

Hebu niambie, nani alikutuma kusimama mbele ya kijiji kizima na kuianika meza ya mama yako? Eti sentensi nzima! Ungesema "nimekula mkate" ukakaa. Huo nao ungekuwa ukweli.

Na huyo daktari wako, aliwahi kukata magogo kwenye baridi ya Januari na tumbo lililojaa karoti? Mwambie ajaribu.

Nikuambie kitu ambacho hawatakuambia hao wenye picha za mishipa. Babu alikufa kwa moyo. Baba mdogo Urho alikufa kwa moyo, msumeno mkononi, hajafika hata arobaini. Mjomba wa Kettunen, yule fundi seremala, ndugu wawili wa kina Pesonen. Kwetu mwanamume wa miaka hamsini anaitwa mzee, na akifika sitini watu wanakuja kumtazama. Ndivyo tulivyo. Mwache Baba ale anachokipenda siku alizobakiwa nazo. Ukimnyima siagi utamwongezea nini? Miezi ya uchungu wa mdomo?

Sitamwandikia Mama neno lolote kuhusu siagi. Wewe mwombe radhi.

Raili

Nakutumia soksi za pamba. Usimpe mtu.


Hietavaara, 25 Februari 1973

Raili mwanangu,

Najua Irja amekuandikia, nimeiona bahasha. Sasa sikia na upande wangu.

Mwaka uliozaliwa tulikuwa tumetoka vitani mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimeacha nyumba ya mama yangu ng'ambo ya mpaka, upande walioutwaa Warusi, nikaja huku na nguo mwilini na kile kibao cha mti cha kupigia siagi chapa, chenye ua la bibi yangu. Wewe ulikuwa mwembamba mpaka mbavu zinahesabika. Akaja muuguzi mmoja kijana wa serikali, akakaa jikoni kwangu, akaniambia: "Siagi, Lempi. Krimu. Usiwabanie watoto maziwa, wanenepe wapate nguvu, wasishikwe na kifua kikuu." Nikafanya. Mwaka uliofuata wakakupima, ukawa mtoto mnene kuliko wote wa kata, na mimi nikapewa cheti. Kiko ukutani mpaka leo, chini ya picha ya harusi. Umekitazama maisha yako yote.

Yule muuguzi unamjua. Ni Aune. Juzi alikuwa amekaa pale ukumbini, mkoba magotini, anamsikiliza mtoto wa mjini akiniita muuaji. Aliyatazama mapaja yake mwenyewe. Hakufungua mdomo.

Miaka ishirini na mitano niko jikoni nafanya walichonifundisha. Wamebadilisha mawazo yao, sawa, wabadilishe. Lakini hakuna aliyekuja kuniambia. Nimekuja kujulishwa mbele ya Kettunen!

Basi sasa napika walichotaka. Viazi vya kuchemsha na maji ya chumvi, asubuhi, mchana, jioni. Hakuna siagi, hakuna mchuzi, hakuna piirakka. Kibao cha bibi nimekifungia kabatini. Baba yako anakitazama chakula kama mtu anayetazama barua ya kodi. Anyamaze, na mimi nimenyamaza.

Usimwambie Irja nimekuandikia.

Mama


Hietavaara, 11 Machi 1973

Raili,

Mimi si mtu wa barua, wewe unajua. Mkono huu umezoea shoka.

Hapa kuna vita. Mama yako hasemi. Irja anasema kupita kiasi. Ananifuata na kitabu kidogo cha watu wa moyo, ananisomea nikiwa sauna, mlangoni, mimi nikiwa uchi juu ya benchi: "Baba, ukurasa huu unahusu chumvi." Nakula kama kondoo. Hata kondoo hupewa nyasi mbichi kiangazi.

Kinachonikera ni hiki. Gari la kiwanda cha maziwa likija, yule dereva ananisifu: maziwa yako, Tauno, yana mafuta kuliko ya kijiji kizima. Gari likiondoka anakuja muuguzi ananikaripia kwa mafuta hayohayo. Hebu wakae chumba kimoja wakubaliane, halafu waje waniambie kama mimi ni mkulima mzuri au mpumbavu.

Sigara wameninyima pia. Kettunen anataka kuniuzia, lakini Irja amekwenda dukani kumwomba asiniuzie. Binti wa miaka kumi na tano! Veikko wa jirani atakuja huko Uswidi mwezi huu kumwona mwanawe. Mpe katoni moja aje nayo. Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke.

Usimwambie Irja. Ana macho ya polisi.

Baba


Hietavaara, 8 Aprili 1973

Raili,

Leo sikuanzi na "mpendwa".

Nilikuwa natafuta kamba zizini. Unakumbuka ule mtalinga wa farasi, ile kola nene ya shingoni, ulioachwa ukutani tangu trekta ije? Niliushusha, pakiti za sigara zikaniangukia miguuni. Za Uswidi. Na ndani ya katoni kuna karatasi yenye mwandiko wako: "Baba, vuta kwa raha. R."

Kwa raha!

Nimekaa juu ya ndoo nikaisoma hiyo karatasi mpaka ng'ombe akaanza kunilamba nywele. Nilikuomba uniunge mkono. Ulinijibu kwa matusi, nikasema moyoni, sawa, yuko mbali, ana uchungu. Kumbe ulikuwa unapakia sanduku. Mimi nampima Baba presha kila Jumamosi kwa kifaa cha kuazima, naandika, nafurahi ikishuka kidogo, na dada yangu anamletea moshi kwa meli.

Nimeichukua katoni nikaiweka mezani wakati wa chakula, katikati, mahali siagi ilipokuwa inakaa. Baba akawa mwekundu mpaka masikioni. Mama akaitazama katoni, akamtazama Baba, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akafungua mdomo:

"Tauno. Nimekula viazi vya maji na wewe mwezi na zaidi. Mimi moyo wangu mzima, siumwi hata kidole. Nimekula kwa sababu sikutaka ule peke yako. Na wewe unavuta kwenye mtalinga wa farasi?"

"Sivuti kwenye mtalinga," Baba akasema. "Nahifadhi tu."

"Toka nje."

"Lempi, kuna theluji."

"Mtalinga utakupa joto."

Akatoka, katoni na karatasi yako kwapani. Ningecheka, Raili, kama isingekuwa kwamba alipokuwa anavaa viatu alisimama kidogo, mkono kifuani, halafu akajifanya anatafuta kifungo.

Nimechoka kuwa peke yangu katika jambo hili. Mama ana hasira na Aune, Baba ana hasira na karoti, wewe una hasira na dunia. Nani aliye na hasira na hiki kinachotuulia watu?

Irja


Borås, 19 Aprili 1973

Irja,

Ndiyo, ni mimi. Na nikiombwa tena nitatuma tena. Ni kitu pekee alichowahi kuniomba.

Unauliza nani ana hasira. Mimi nilikuwa na hasira hiyo kabla yako. Siku ya maziko ya Urho nilihudumia kahawa ya msiba wageni wote, na kila mwanamume aliyechukua kikombe nilimtazama nikijiuliza, wewe ni lini? Wewe? Na wewe? Nilipofika kwa Baba nilimwagia kahawa kwenye suruali ya harusi yake. Wiki iliyofuata nikapanda meli. Sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda mahali ambapo sitaletewa habari mpaka mambo yawe yamekwisha.

Na sasa wewe unanitumia habari kila wiki, pamoja na presha ya Jumamosi.

Usiniandikie tena.

Raili


Hietavaara, 3 Juni 1973

Dada Raili mpendwa,

Umeniambia nisiandike, nami nimekaa wiki sita bila kuandika. Lakini Februari niliapa kukueleza yote, na kiapo kilitangulia katazo lako.

Mwezi uliopita Muuguzi Aune alikuja kwetu kwa baiskeli, peke yake. Mama alikuwa anaosha mitungi ya maziwa uani. Mimi nilikuwa dirishani, na dirisha lilikuwa wazi.

"Lempi, nimekuja."

"Naona."

"Ni mimi niliyekuambia siagi."

"Ni wewe. Ulikaa kwenye kiti changu ukala piirakka yangu ukasema, usiwabanie."

"Na mtoto alikuwa na njaa, na siagi ilimfaa. Raili alisimama kwa siagi ile. Leo Tauno haimfai. Vyote viwili ni kweli, Lempi. Tulitakiwa kurudi kukwambia. Badala yake tulirudi na picha ya mshipa."

"Na mdomo uliufunga."

"Niliufunga."

Mama alisugua mtungi ambao ulikuwa umeshatakata. Halafu akasema, "Unataka nini?"

"Nimezunguka na vile vitabu vidogo nyumba kwa nyumba, watu wanawashia jiko. Sijui kupika bila siagi, wewe ndiye unayejua kupika. Nataka chama chenu kifanye jioni yake. Bila hotuba. Mpike, mjaribu, mtuambie kinacholika."

"Na yule mwenye tai?"

"Anataka kuja."

"Aje na kisu. Atamenya."

Na alimenya, Raili! Daktari Salmela alikaa kati ya Bibi Pesonen na Mama, tai ameitupa begani, anamenya viazi. Maganda yalikuwa manene kama gome la msonobari. Mama akamwambia, "Bwana daktari, hapo mtu umemtupia nusu ya chakula chake." Wote wakacheka, naye akacheka. Hakuomba radhi. Nilisubiri jioni nzima aombe. Bado namkasirikia, nakwambia kweli, lakini viazi alivimaliza.

Mama alikuwa amekitoa kibao cha bibi kabatini. Hakukipigia siagi; alikigandamiza juu ya unga wa mkate, ua likatokea. Piirakka za kwanza walizipaka maziwa ya moto tu. Bibi Kettunen akatafuna, akasema, "Hii ni kama kula Katekisimu." Za pili walitia mafuta ya mimea mengi mno. Za tatu zilikuwa na viazi na karoti ndani na mafuta kidogo juu, na Bibi Kettunen akachukua mbili akidhani hakuna anayemwona.

Hapo Mama akasimama. Hajawahi kusimama kwenye mkutano maishani mwake.

"Niliambiwa katika ukumbi wa shule kwamba namuua mume wangu," akasema. "Mume wangu yuko nje kwenye trekta ananisubiri. Anavuta sigara. Nyingine aliletewa kutoka ng'ambo, nyingine alinunua kwako, Kettunen, Irja alipokuwa shuleni. Na hiyo nayo ni mimi ninayempakia kwenye mkate?"

Hakuna aliyecheka. Kettunen alikuwa mwekundu kama bitiruti. Kesho yake nilikwenda dukani: sigara zimeondolewa juu ya meza, pale karibu na peremende, zimewekwa chini, nyuma ya sabuni. Anaziuza bado. Lakini sasa lazima mtu aziombe kwa jina mbele ya watu, na Pesonen alishindwa kuzitamka, akanunua misumari.

Kwa hiyo nyumbani sasa tunakula. Mama anasema, tena kwa sauti ya kufidia kimya chote. Ana hasira kila siku, na kila siku anapika.

Sasa jambo ambalo Baba ameniomba nisikwambie.

Jumanne ya wiki iliyopita alikuwa analeta ndoo za maziwa. Akaziweka chini mlangoni. Urho, unakumbuka, alisema ni tumbo tu, akarudi kwenye magogo. Babu alisema amechoka tu. Baba alimtazama Mama na kusema, "Lempi, ni kifua." Maneno hayo tu. Nimemjua miaka kumi na mitano, sijawahi kumsikia akisema kinachomuuma. Mama aliangusha kila kitu, Veikko akaleta gari, wakafika Joensuu mapema. Daktari wa wodini, yuleyule, alisema wangechelewa hadi jioni angempoteza.

Amerudi jana. Ni mwepesi, suruali zinamvuka. Alikwenda mwenyewe zizini, akashusha mtalinga, akanipa katoni pamoja na karatasi yako. "Mrudishie," akasema. "Mwambie sikuvuta kwa raha." Utaipata kwenye kifurushi hiki. Imepungua, lakini hizo zilizobaki zote zimerudi.

Nilimuuliza Muuguzi Aune kama Baba atapona. Alisema hawezi kuahidi. Alisema wanajaribu kumpatia miaka, na kwamba kila mtu aliye karibu naye anaweza kuisukuma mbele au nyuma kidogo. Nilitaka jibu bora kuliko hilo. Nilikasirika, nikapanda baiskeli yake bila ruhusa mpaka mtoni na kurudi. Lakini usiku nikafikiri, hata hilo Babu hakuwahi kuambiwa.

Kwa hiyo sasa nakuuliza wewe. Mara ya mwisho kuja nyumbani ulikuja kumzika Babu, na gauni jeusi kwenye sanduku. Nyasi tutazikata mara tu baada ya sikukuu ya katikati ya kiangazi. Baba hataruhusiwa kushika fyekeo, atakaa uani anatoa amri, na kiti cha pembeni yake kipo wazi. Unaogopa kuletewa habari, najua. Mimi ndiye ninayezileta, na nitaendelea kuzileta.

Nijibu kwa posta ya kwanza, kwa sentensi nzima: utakuja kumwona Baba, au utangoja kuja kumzika?

Mdogo wako,
Irja